Ushauri wa Lishe kwa Watoto Wenye Usonji Mjini Kisumu: Mtaalamu wa Kuaminika na Kabati la Kuepukwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ushauri wa lishe kwa watoto wenye usonji, unaotolewa na kliniki ndogo ya kibinafsi katika mtaa wa Milimani mjini Kisumu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko. Mwanangu ana umri wa miaka saba, hutumia maneno machache sana, na tulipoanza kwenda huko alikuwa akila vitu vitano tu: mkate mweupe, chapati, chai ya maziwa, viazi vya kukaanga na ndizi mbivu. Ninawaandikia wazazi wa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia ambao wameambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba ngano na maziwa ndivyo vinavyoleta usonji na kwamba vikiondolewa jikoni mtoto atapona. Uamuzi wangu nautanguliza. Mtaalamu wa lishe wa kliniki hii anafanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa, na ada yake inastahili kulipwa. Mpango wa mlo unaouzwa pale mapokezini kama tiba ya usonji, pamoja na kabati la virutubisho linaloandamana nao, haustahili, na mzazi mwenye kipato cha kawaida anapaswa kuitambua tofauti hiyo kabla hajatoa pesa.

Kikao cha kwanza kilikuwa kirefu, na kwa sehemu kubwa hapakuzungumzwa habari ya kuondoa chakula chochote. Mtaalamu alimpima mtoto uzito na urefu, akamtazama meno na ufizi, kisha akaniuliza maswali mengi ambayo sikuyatarajia: choo chake ni kigumu kiasi gani, na hupita siku ngapi bila kwenda, huamka usiku akilia, hupenda kulalia tumbo juu ya ukingo wa kiti, hula udongo au odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni Kibuye, alipewa lini dawa ya minyoo, chai hunywa pamoja na chakula au baadaye. Kila swali lilikuwa na sababu, na sababu alinieleza bila haraka. Mtoto asiyeweza kusema kwamba tumbo au jino linamuuma huyaonyesha maumivu kwa njia nyingine: hupiga kichwa ukutani, hujiuma mkono, hukataa kukaa mezani, hukesha. Shida za tumbo, hasa kufunga choo, huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, na mtoto anayeishi kwa mkate mweupe na chai hana nyuzinyuzi za kutosha za kulilainisha tumbo lake. Mtoto anayekula udongo huenda amepungukiwa na madini ya chuma, na yule anayekunywa chai pamoja na chakula huyapoteza hata yale machache aliyoyala, kwa kuwa tanini iliyomo kwenye majani ya chai huyashika yasifyonzwe mwilini.

Nilipomwambia kwamba nimekuja kwa ajili ya mpango wa kuondoa ngano na maziwa, alinijibu hivi: "Mama, huyu mtoto anakula vitu vitano. Nikiviondoa vitatu leo, kesho asubuhi utampa nini?" Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Mkate, chapati na chai ya maziwa vikitoka, mtoto wangu angebaki na viazi na ndizi, na watoto wenye usonji wanaobaki na vyakula vichache mno wamewahi kupata kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C uliowaua mabaharia wa zamani, wakati ambapo nyumba zao zilikuwa na matunda tele. Hospitali zimewapokea watoto wasioweza kutembea kwa maumivu ya miguu, wakachunguzwa mifupa na neva kwa muda mrefu, kabla ya mtu kuuliza mtoto anakula nini.

Alitutuma maabara kupima damu: kiasi cha himoglobini na akiba ya madini ya chuma. Alinieleza pia jambo ambalo kila mzazi anayefikiria kuondoa ngano anapaswa kulijua mapema. Kuna ugonjwa halisi wa utumbo, unaoitwa siliaki, ambao husababishwa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kipimo cha damu cha ugonjwa huo hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu mtu anapoendelea kula gluteni. Mzazi akiondoa ngano kwanza na kupima baadaye, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo, na hapo familia itabaki haijui kama mtoto anahitaji kuepuka ngano maisha yake yote au hapana. Kwa hiyo kipimo hutangulia, na mlo hufuata. Kijikaratasi cha mapokezini, kinachomhimiza mzazi aanze mpango "leo hii", hakisemi neno lolote juu ya jambo hili, na hilo ni kosa kubwa la kliniki.

Ninaongeza jambo moja ambalo si la kitaalamu lakini kwangu lilikuwa na uzito. Hakuniuliza nilikula nini nilipokuwa mjamzito, wala hakuniuliza nilimnyonyesha kwa muda gani kwa sauti ya mtu anayetafuta mwenye hatia. Kina mama wa watoto wenye usonji wamebebeshwa lawama tangu miaka ya 1940, wakati daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii, na kwa miongo iliyofuata madaktari walidai kwamba ubaridi wa mama ndio chanzo. Dai hilo lilikwisha kutupwa. Leo tunajua kwamba urithi wa vinasaba una nafasi kubwa, lakini lawama imehamia jikoni, na mama anayempa mtoto chapati anatazamwa kana kwamba anampa sumu. Katika chumba cha mtaalamu huyu lawama hiyo haikuwapo.

Sasa niuseme mpango wenyewe, kwa kuwa ndio unaowavuta wengi. Msingi wake ni wazo lililojitokeza mwaka 1979, pale mwanasayansi Jaak Panksepp alipopendekeza kwamba baadhi ya tabia za usonji zinafanana na hali ya ubongo uliozidiwa na kemikali zinazofanya kazi kama afyuni. Kutoka hapo, Kalle Reichelt wa Norway na wenzake wakadai kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa, zisipomeng'enywa vizuri, huacha vipande vya protini vinavyopenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo na hatimaye huonekana kwenye mkojo. Ni maelezo yanayoeleweka kwa urahisi, na kwa mzazi aliyechoka yana mvuto kwa sababu yanampa kitu cha kufanya. Tatizo ni kwamba yalipopimwa hayakusimama. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza waliulinganisha mkojo wa wavulana 65 wenye usonji na wa watoto 158 wasio nao, na hawakuvipata vipande hivyo kwa wavulana hao.

Majaribio ya mlo wenyewe nayo yana historia ambayo mtaalamu alinisimulia pasipo kuificha wala kuikuza. Mwaka 2002 huko Norway watoto 20 waligawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, na kundi lililoacha gluteni na kaseini likaripotiwa kuwa na maendeleo mazuri zaidi; lakini wazazi walijua ni nani anayekula nini, na mzazi anayejua hutazama kwa macho ya matumaini. Mwaka 2006 huko Marekani watoto 15 walifuatiliwa kwa wiki 12 kwa namna ambayo hata wazazi hawakujua ni lini mtoto alikuwa akila chakula chenye gluteni na kaseini. Vipimo havikuonyesha tofauti, ingawa wazazi kadhaa walisadiki kwamba mtoto wao amebadilika. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Rochester kilichapisha matokeo ya watoto 14 waliokuwa wakifuata mlo huo kikamilifu, ambao walipewa vitafunio vyenye gluteni, au kaseini, au vyote viwili, au visivyo na chochote, bila mzazi wala mtazamaji kujua ni kipi. Usingizi, choo na tabia havikubadilika. Ni kwa ushahidi wa aina hii kwamba mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2013 unawaambia wahudumu wa afya wasitumie mlo wa kuondoa gluteni au kaseini kutibu dalili kuu za usonji.

Mzazi mwenzangu atauliza, kama nilivyouliza mimi, mbona basi kuna watoto tunaowafahamu ambao walipata nafuu walipoacha maziwa. Nafuu hiyo huenda ni ya kweli, na haihitaji nadharia ya afyuni ili ielezeke. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walichapisha utafiti juu ya watoto 65 wenye choo kigumu cha muda mrefu, na hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya usonji. Walipopewa maziwa ya soya badala ya maziwa ya ng'ombe, 44 kati yao walipata nafuu. Walipobaki na maziwa ya ng'ombe hakuna aliyepata. Mtoto ambaye tumbo lake limelegea hulala vizuri, na aliyelala vizuri husikiliza, hukaa, hujifunza. Kwa mzazi anayetazama kutoka nje itaonekana kwamba usonji umepungua, hali kilichopungua ni maumivu. Tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu inaamua ni mtoto yupi ajaribiwe: yule mwenye dalili za tumbo, wala si kila mtoto aliyeandikiwa usonji kwenye karatasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ngano haikuondolewa hata kidogo. Maziwa yaliondolewa kwa wiki chache zilizokubaliwa mapema, chini ya usimamizi, kwa sababu choo cha mtoto kilikuwa kigumu na kwa sababu chai ya maziwa ilikuwa imechukua nafasi ya chakula tumboni mwake. Kisha yakarudishwa kwa kipimo kidogo ili tuone kama tatizo litarudi. Kurudisha ni sehemu ya jaribio, na mpango wa mapokezini hauna hatua hiyo kabisa: unaondoa tu, na unamwambia mzazi aendelee. Maziwa hayaondolewi bila kitu cha kuyafidia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulipima unene wa mifupa ya mkono ya wavulana 75 wenye usonji na kuukuta ukiwa chini ya kiwango cha umri wao, na waliokuwa wakifuata mlo usio na kaseini walikuwa na upungufu mkubwa zaidi.

Hapa ndipo jiko la upande wetu linapostahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu ni utajiri ambao karatasi za kliniki hazikuutambua. Orodha ya vyakula niliyopewa mapokezini ilitaja unga wa mlozi, kinoa, maziwa ya mlozi na mkate wa dukani usio na gluteni, yaani vitu ambavyo Kisumu hupatikana katika supamaketi kubwa pekee, kwa pakiti ndogo ambayo bei yake ingenunua gorogoro kadhaa za wimbi. Mtaalamu mwenyewe aliichukua karatasi hiyo, akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwa mkono: ugali wa mahindi, ugali wa mtama na muhogo, uji wa wimbi, mchele, viazi vitamu, nduma, ndizi za kupika, maharagwe, ndengu, kunde, nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), njugu, mayai, na samaki wa ziwani: mbuta, ngege, omena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye gluteni. Mzazi wa Nyanza au Magharibi ambaye daktari amemthibitishia kwamba mtoto wake lazima aache ngano hahitaji unga wa kutoka ng'ambo. Anahitaji kuacha mkate, chapati, mandazi, tambi na biskuti, na kurudi kwenye sufuria ya nyanyake.

Kuna tahadhari mbili tatu alizoziongeza. Kinu cha mtaani ambacho asubuhi kilisaga ngano huacha mabaki yake katika wimbi litakalosagwa mchana, jambo lisilo na madhara kwa watu wengi lakini lenye madhara kwa mtoto mwenye siliaki. Mzazi wa mtoto huyo asage kwenye kinu kisichosaga ngano, au anunue nafaka nzima na kusaga nyumbani. Muhogo mchungu huloweshwa na kukaushwa vizuri ili sumu yake ya sianidi itoke, na mama zetu wa Busia na Siaya wanalijua hilo kuliko kitabu chochote. Njugu na mahindi yawe makavu kabisa, kwa ajili ya sumukuvu.

Kuhusu kalisiamu, maelezo yake yalinifungua macho. Wimbi lina takriban miligramu 340 za kalisiamu katika kila gramu 100 za nafaka kavu, kiasi ambacho hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayokikaribia, ingawa sehemu yake hushikwa na asidi ya fitiki isifyonzwe. Kuloweka, kuotesha au kuchachusha unga kama tulivyozoea kuufanya uji mchachu hupunguza kizuizi hicho. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo kalisiamu yenyewe. Mboga za majani kama saga, kunde na terere huongeza juu yake. Kwa hiyo mtoto wa ziwani akikosa maziwa hakosi njia, mradi anakubali kula vitu hivyo.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalozitenganisha karatasi za mlo na maisha ya mtoto mwenye usonji. Kwa wengi wao chakula si ladha pekee. Ni rangi, harufu, joto, sauti ya kutafunwa, na namna kinavyogusa ulimi. Omena ana macho, ana harufu, na kila mmoja ana umbo lake; mkate mweupe wa dukani ni uleule leo, kesho na mwaka ujao, na mtoto anayetafuta uhakika anauchagua kwa sababu hiyo. Mrenda, wenye utelezi, mwanangu hataki hata uwekwe kwenye meza anayokaa. Mtaalamu huyu amejifunza jambo hili vizuri, na sehemu ya huduma yake inayostahili sifa kuliko zote ni jinsi anavyomfundisha mzazi kuvuka kutoka chakula kinachokubaliwa hadi kingine kilicho jirani nacho. Viazi vya kukaanga vilifuatwa na viazi vitamu vilivyokatwa kwa umbo lilelile na kukaangwa kwenye karai lilelile. Ndizi mbivu ikafuatwa na ndizi ya kukaanga. Unga wa chapati uliongezwa wimbi kijiko kimoja, na kijiko cha pili hakikuongezwa mpaka cha kwanza kilipokuwa kimezoeleka. Chakula kipya huwekwa kwenye sahani ya pembeni pasipo mtu kumwambia mtoto akile. Kukitazama ni hatua, kukigusa ni hatua, kukiramba na kukitema pia ni hatua.

Alinikataza jambo moja ambalo ndugu na majirani walikuwa wakinishauri kwa nia njema, nalo ni kusaga omena na kuchanganya kwa siri katika kitu anachokipenda. Unga wa uji unaouzwa ukiwa umechanganywa wimbi, soya, njugu na omena ni chakula kizuri kwa mtoto anayekula kila kitu. Kwa mtoto mwenye vyakula vitano, akigundua kwamba mkate au uji wake umebadilika, anaweza kuukataa moja kwa moja, na mzazi akabaki na vinne. Kliniki ina mtaalamu wa tiba-kazi anayekuja siku maalumu, na wawili hao hufanya kazi pamoja juu ya kutafuna, kukaa kwenye kiti kinachoshikilia miguu, na kelele za vyombo. Sikutarajia kwamba urefu wa kiti ungeathiri hamu ya kula, lakini mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu zake kujishikilia asianguke, na hana nguvu ya kukabiliana na chakula asichokijua.

Alizungumza pia juu ya gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mtoto mwenye mlo wa pekee hukaa pembeni wakati wenzake shuleni wanakula mandazi saa nne. Krismasi nyumbani kwa nyanyake huko Butere, kuku na chapati vinapoletwa, yeye huletewa bakuli lake. Mtoto ambaye tayari ana kazi ngumu ya kuwa pamoja na watu hapaswi kuondolewa mezani bila sababu nzito. Nyanyake alipoambiwa kwamba chapati haikatazwi, alishukuru kuliko mtu yeyote, na sasa ndiye anayeoteshea wimbi la uji wetu.

Nakuja kwenye kabati. Lipo mapokezini, lina taa, na mhudumu wa hapo humweleza mzazi juu yake kabla hajamwona mtaalamu. Kuna mafuta ya omega-3, chupa za vitamini B6 na magnesiamu, vimeng'enya vya kumeng'enya gluteni, bakteria wa tumbo, na kifurushi cha "kusafisha metali". Mwenye kuviuza hasemi uongo wa moja kwa moja. Anasema "wazazi wengi wameona mabadiliko". Mapitio ya kitaalamu ya omega-3 na ya B6 pamoja na magnesiamu hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba yanapunguza dalili za usonji, na vitamini B6 kwa kipimo kikubwa cha muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Mtoto anayekula samaki wa ufuo wetu wa Dunga mara kwa mara anapata mafuta mazuri na protini pamoja. Kusafisha metali mwilini ni jambo la kuogopwa zaidi: mwaka 2005 huko Pennsylvania mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki akipewa dawa ya mshipani kwa kusudi hilo. Bidhaa ya kabati ni ya kumeza na pengine ni dhaifu, lakini wazo linalouzwa ni lilelile, nalo halina mahali katika kliniki ya watoto. Ninajua pia kwamba katika makundi ya wazazi kwenye simu husambazwa maji yaitwayo ya madini ya miujiza, ambayo ni klorini dioksidi, kemikali ya kufanyia weupe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa yasinywewe. Kliniki hii haiyauzi, na mtaalamu aliyakemea vikali nilipomuuliza.

Kwa nini wazazi huona mabadiliko hata pasipokuwa na dawa? Homoni ya tumbo iitwayo sekretini iliwahi kusifiwa sana huko Marekani, na ilipojaribiwa mwaka 1999 kwa watoto 56, waliodungwa homoni na waliodungwa maji ya chumvi waliendelea sawasawa. Baada ya kuambiwa hivyo, asilimia 69 ya wazazi walisema bado wanaitaka. Siwacheki wazazi hao. Watoto hukua, wiki nzuri hufuata wiki mbaya, na anayempenda mtoto huitafuta dalili njema kwa bidii. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Mtaalamu alinipa karatasi ya kuandika choo, usingizi, vyakula vilivyoguswa na saa za kilio, na akaniagiza nimwombe pia mwalimu aandike yake bila kumwambia tumebadilisha nini nyumbani.

Upande wa mazingira, kliniki iko ghorofani bila lifti, chumba cha kusubiri ni kidogo, televisheni huwa wazi kwa sauti kubwa, na Jumamosi hujaa kiasi kwamba mtoto asiyestahimili kelele hufika kwa mtaalamu akiwa amekwisha kuvurugika. Mahali panapodai kuhudumia watoto wenye usonji hapapaswi kuwa hivyo. Asubuhi za siku za kazi ni afadhali. Ada ya kikao cha kwanza ni shilingi 3,500 na ya kurudi ni 2,000, vipimo vya maabara vikiwa mbali. Kifurushi cha kabatini kinazidi 9,000 kwa mwezi, na hakuna anayelazimishwa kukinunua ingawa mhudumu huuliza kila mara. Nililipa vyote kutoka mfukoni.

Kabla ya kulipa popote, mzazi aulize kama anayemhudumia amesajiliwa na Taasisi ya Wataalamu wa Lishe ya Kenya, KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huyu wetu alikuwa na cheti chake ukutani na alikubali nisome namba. Asiyeweza kumudu ada hizo aanze katika hospitali ya kaunti, ambako kuna wataalamu wa lishe kwa gharama ndogo, na aombe mambo manne: uzito na urefu viandikwe, damu ipimwe madini ya chuma, choo kiulizwe, meno yatazamwe. Hayo ndiyo yaliyotusaidia sisi. Akiba ya chuma ya mwanangu ilikuwa chini, daktari akaandika dawa ya maji. Choo kimekuwa laini. Usiku analala hadi alfajiri, na kupiga kichwa kumepungua sana. Orodha ya vyakula vyake imepanuka, na juzi aliramba ngege. Maneno yake yanaongezeka polepole kwa kazi ya mtaalamu wa usemi na mwalimu wake, na sitayahesabu kama matunda ya chakula.

Nimeiandikia kliniki nikiomba mambo matatu: kijikaratasi kitaje kipimo cha siliaki kabla ya kuondoa ngano, orodha ya mkono ya vyakula vya hapa ichapishwe ichukue nafasi ya ile ya mlozi na kinoa, na kabati liondolewe mahali ambapo mzazi hulikuta kabla ya mtaalamu. Orodha wamekubali kuichapisha. Juu ya kabati hawajanijibu.